Huduma ya shughuli tuliyoikodi Chake Chake: wapishi ndio walioiokoa siku

Kamati yetu ya wanafunzi wa zamani wa skuli moja ya sekondari karibu na Chake Chake, kisiwani Pemba, ilikodi kampuni ya shughuli itusimamie siku ya kukutana na wanafunzi wanaosoma sasa. Mkataba ulitaja turubai, viti, vyombo vya sauti, jenereta, mpiga picha na chakula, na kila mmoja wetu alichanga shilingi 30,000. Wanafunzi hawakutozwa kitu. Ninaandika kwa ajili ya kamati nyingine zenye nia kama yetu.

Kampuni ilipanga uwanja kama wa harusi. Viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe viliwekwa mbele kwa ajili yetu wageni, na vile vya plastiki vikawekwa nyuma kabisa, juani, kwa wanafunzi. Kwa mpangilio ule, mtu aliyetoka Unguja kwa boti hadi bandari ya Mkoani, kisha akapanda daladala mpaka skuli, angeweza kurudi kwao bila ya kusema na mwanafunzi hata mmoja, isipokuwa aliyemletea maji. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwa adabu kuwa ndivyo wanavyopanga siku zote.

Katikati ya hotuba ya tatu umeme ulikatika, na jenereta haikuwapo. Maalim wetu wa hesabu, ambaye amestaafu siku nyingi, hakukitaka hicho kipaza sauti. Aliwaita wanafunzi wasogee hadi miguuni pake, akawasimulia dahalia, yaani bweni letu, ilivyokuwa kabla ya mwaka 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokuwa haujafika Pemba kutoka Tanga, na taa zikitegemea mitambo ya dizeli iliyozimika mara kwa mara. Tulisoma kwa koroboi, na asubuhi kila mtu alikuwa na masizi puani. Wanafunzi walicheka, ingawa baadhi yao hawakuamini.

Chakula kinastahili sifa bila ya kupunguza neno. Wapishi walikuwa wamewasha kuni tangu baada ya sala ya alfajiri, na pilau yao ya nyama ya ng'ombe ilitoka punje moja moja, bizari ikisikika bila ya kuchoma koo, pamoja na kachumbari, achari ya ndimu na juisi ya ukwaju. Baada ya adhuhuri, mpishi mkuu, mama wa makamo, alikataa katakata kupakua kwenye sahani. Aliagiza majamvi yatandikwe chini ya miembe, akaamuru kila sinia likaliwe na wakubwa wawili na wanafunzi wanne. Hakuna aliyethubutu kumbishia, hata msimamizi wake.

Katika sinia letu msichana wa kidato cha tatu aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani skuli zilifungwa ili watoto wakachume karafuu. Nilimwambia ni kweli, na kwamba tulilipwa kwa kila pishi, kile kipimo cha karafuu, tuliyochuma. Akataka kujua nilizifanyia nini fedha hizo. Nikakiri kuwa za mwanzo nilinunulia viatu ambavyo havikunitosha. Yeye huchambua karafuu jioni na bibi yake, kisha ndipo hufungua daftari. Mwenzangu, ambaye ni muuguzi, aliulizwa maswali ya mchepuo wa sayansi mpaka wali ukampoa, na kabla ya kunawa mikono wasichana wawili walikwisha kuchukua namba yake ya simu.

Kwa hiyo, anayewakodi awachukue wapishi, na viti avipange mwenyewe. Jenereta aione kwa macho kabla ya kulipa malipo ya mwisho, jambo ambalo sisi hatukulifanya. Fedha za vyombo vya sauti tumerejeshewa nusu, bila ya mabishano. Picha tuliahidiwa kuzipata ndani ya siku saba. Sasa ni wiki ya tano, na mpiga picha hapokei simu.