Nyumba ya mbao au ya matofali? Anza kukagua chini

Ukitaka kununua nyumba, usidanganywe na rangi mpya. Nyumba nyingi huharibikia futi moja ya kwanza kutoka ardhini, ziwe za mbao au za matofali. Hizi hapa aina tatu, kuanzia tunayoipendelea zaidi.

1. Matofali ya kuchoma yaliyoiva, kwenye udongo mwekundu

Kakamega, Vihiga na Kisii ndiko kwake. Tatizo ni tanuri: moto hausambai sawasawa, na matofali ya pembezoni hutoka mabichi. Plasta huyaficha. Mwombe muuzaji yale yaliyobaki wakati wa ujenzi, ugonganishe mawili. Yaliyoiva hulia kama chuma. Kwaruza kwa msumari: likitoa unga, halikuiva. Kipimo cha uhakika ni maji. Pima tofali kavu, lizamishe saa 24, pima tena. La kilo 3 lisizidi kilo 3.6.

Kisha inama. Unga mweupe na plasta inayobambuka karibu na sakafu ni dalili kwamba utando wa kuzuia unyevu haukuwekwa juu ya msingi, au umefukiwa na udongo. Kuupaka rangi ukuta huo ni kupoteza pesa.

2. Mbao zilizotiwa dawa, juu ya msingi wa zege

Molo na Elburgon kuna baridi, na saipresi si ya kutafutwa mbali. Nyumba ya mbao huko si ya kudharauliwa hata kidogo. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, tungeipa nafasi ya kwanza: udongo mweusi hufura kwa mvua na kunywea kwa jua, nayo nyumba nyepesi huvumilia. Ukuta wa matofali hupata ufa wa mshazari kuanzia pembe za madirisha, isipokuwa msingi ulichimbwa hadi ardhi ngumu. Dai picha za msingi kabla ya kulipa.

Mbao ya chini iwe angalau sentimita 15 juu ya udongo. Ichome kwa bisibisi, hasa nyuma ya jikoni na bafu. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, imeoza. Vijia vya udongo vinavyopanda msingi ni vya mchwa. Nyaya za stima zipite ndani ya mabomba, kamwe zisilale wazi juu ya mbao.

3. Nguzo zilizozikwa udongoni bila dawa

Bei yake huvutia. Hesabu gharama ya nguzo mpya, mafundi na dawa ya mchwa, kisha utoe yote kwenye bei. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ukaguzi ufanywe asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla jua halijakausha kuta.