Uzoefu wangu na fundi wa nyasi hapa Nakuru: aliniambia niweke kabro (vile vitofali vya kusakafia ua)

Nimekaa na jambo hili tangu kabla ya mvua za masika, na kila nikifungua mlango wa mbele hasira zinarudi. Wacha niandike.

Tunaishi Lanet. Anayeijua Lanet anajua vumbi lake. Udongo wetu ni majivu ya volkano na vile vijiwe vyepesi vya kusugulia miguu. Unamwaga ndoo ya maji, unageuka kuchukua ya pili, na ya kwanza huoni ilikopitia. Mama yangu ana kifua. Kiangazi akiketi nje anakohoa hadi machozi yanamtoka. Ndiyo sababu nilitaka nyasi, wala sikuwa nikishindana na jirani yeyote.

Fundi nilimpata kwenye vitalu vya miche kando ya barabara kuu. Alikuja, akasimama langoni, akapima ua kwa macho, akataja bei. Hakuinama. Hakushika hata konzi moja ya udongo. Hapo ndipo ningemrudisha alikotoka, lakini miche yake ilikuwa imestawi na maneno yake matamu, nikamtumia nusu kwa M-Pesa. Yote ilifika shilingi 34,000. Lori likamwaga udongo mwekundu, vijana wakautandaza juu ya ule mchanga, inchi mbili hivi, wakapanga viraka vya nyasi za Kikuyu. Jioni ua ulikuwa kijani kitupu. Nilipiga picha nikawatumia ukoo mzima.

Wiki ya tatu, au ya nne, zikaanza kugeuka manjano. Nikapiga simu. "Mwagilia, Mama." Nikawa nanyunyiza kila jioni. Nikapiga tena. "Tia mbolea." Nikarusha mbolea ya dukani iitwayo CAN mchana wa jua, kwenye nyasi kavu, bila maji ya kuiyeyusha, zikaungua mabaka mabaka. Kosa hilo ni langu, sikatai. Lakini yeye ndiye fundi, angeniambia. Baada ya hapo akaacha kushika simu.

Sasa sikilizeni. Siku nampeleka Mama kliniki, nilimwomba mtu wa tuktuk asimame pale kwenye miche. Nikashuka, nikamsalimia fundi kwa heshima, nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuitazama. Akasema kwa sauti, wateja wake wakisikia: "Mama, nyasi ni za watu wenye udongo. Wewe weka kabro uachane na mimi." Wakacheka. Mama yangu alikuwa ameketi ndani ya tuktuk, hatua tano tu kutoka hapo. Njia nzima alinyamaza. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mwanangu, usijisumbue. Vumbi nimelizoea."

Maneno hayo yameninyima usingizi. Kama udongo wetu haufai, yeye alikuja kutuuzia nini? Pesa zetu hakuziona hazifai?

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa wale waliopanda. Alikuja mwenyewe Jumapili, baada ya ibada. Akashika ukingo wa kiraka akavuta, kikanyanyuka chote kama mkeka. Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ya ule udongo mwekundu, hakuna hata mmoja ulioingia chini. Kisha akatia udongo wa chini kwenye chupa ya maji, akatikisa. Mchanga ukazama papo hapo, vijiwe vikaelea juu. "Ona, mwalimu. Hapa hakuna kitu cha kushika maji wala mbolea."

Tukaanza upya. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, wilbaro kwa wilbaro, tukaichanganya kwa jembe pamoja na ule udongo mwekundu na mchanga wa chini, kina cha kama shubiri moja, badala ya kutandaza kimoja juu ya kingine. Nyasi tukazirudisha. Siku hizi namwagilia asubuhi, mara mbili kwa wiki, maji mengi yashuke, kwa sababu kunyunyiza kidogo kila jioni kulifanya mizizi ing'ang'anie juu. CAN natia kidogo sana, mara kwa mara, na maji papo hapo, kwa kuwa mchanga hauiweki. Nikikata naziacha ndefu kiasi, na vipande naviacha viozee palepale.

Nikiwa mkweli, nyasi za yule bwana zilikuwa safi. Hazikuja na magugu ya sangari, na hazikufa kwa mateso yote yale. Bei pia haikuwa mbaya kuliko ya wengine niliowauliza. Hapa nilikuwa nimeandika kwamba mtu anaweza kununua kwake, kisha atafute mpandaji kwingine. Nimefuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Anayekucheka mbele ya mama yako mgonjwa, msimpe hata shilingi. Kijana simtaji, kwa sababu bado anafanya kazi pale na sitaki aponzwe na wema wake.

Kiraka cha karibu na lango bado ni manjano, nitakitilia samadi mvua zikirudi. Mama huweka kiti upande wa pili, chini ya mparachichi, na jana alikaa hadi magharibi bila kukohoa.