Mkutano wa injili au jumuiya ya mtaani?

Mkutano wa injili uwanjani huwasha moto: kwaya, mahubiri, watu wakienda mbele kuombewa. Wengi wameokoka hapo, wala siudharau. Ila Jumatatu jukwaa limeshabomolewa.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, huenda polepole. Familia chache za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili ijayo, na kila mtu husema neno lililomgusa. Pale hata mama asiyewahi kushika maikrofoni huanza kushuhudia imani yake. Ukikosa wiki mbili, watabisha hodi. Ukifiwa, watakuja na sufuria zao. Aliyeokoka jana, mimi ningempeleka huko kwanza.