Makumbusho ya Hull-House, Chicago: majengo 2 kati ya 13

Ukishuka treni ya Blue Line kituo cha UIC-Halsted na kutembea kusini kidogo, namba 800 South Halsted, utakuta nyumba ya zamani ya matofali yenye veranda, imezingirwa na majengo ya chuo kikuu. Ndiyo hiyo. Kiingilio ni bure, mchango ni hiari. Lakini mgeni ajue mapema kwamba anachokiona si Hull-House ilivyokuwa, nyumba ambamo wasomi waliishi kati ya wahamiaji maskini na kuwahudumia. Kufikia 1907 palikuwa na majengo 13. Yamebaki 2, na moja kati ya hayo lilihamishwa kutoka mahali pake. Makumbusho ni mazuri, ila anayeyafaidi ni yule aliyekuja akijua anachotafuta. Asiyejua atamaliza kwa dakika 20 na kutoka akisema ameona viti vya kale.

Nyumba ilijengwa 1856 na tajiri Charles Hull, wakati huko bado ni pembezoni mwa mji. Jiji likakua na kuimeza. Tarehe 18 Septemba 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr wakahamia humo, wakiwa wameliona au kulisikia jaribio la Toynbee Hall la London, nyumba ya wasomi katika mtaa wa maskini, lililoanza 1884. Mrithi wa nyumba, Helen Culver, baadaye akaacha kuwadai kodi. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulitenda: badala ya kukaa ofisini na kugawa msaada, msomi ahamie mtaa wa wahamiaji maskini, alipie chumba na chakula chake mwenyewe, awe jirani. Walioishi humo waliitwa wakazi, hawakuwa waajiriwa. Majirani walikuwa Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, Wajerumani, Waairishi na Wabohemia (Wacheki). Kufikia mwaka wa pili watu kama 2,000 walikuwa wakipita mlangoni kila wiki.

Anza na ramani, samani zitasubiri. Ramani za Hull-House zilichapishwa 1895, na bila hizo mengine yote yatakuwa picha za mabibi waliovaa magauni marefu. Mwaka 1893 serikali kuu ya Marekani ilikuwa inachunguza mitaa duni ya miji mikubwa, na kazi ya Chicago ikasimamiwa na Florence Kelley, aliyekuwa amehamia Hull-House mwishoni mwa 1891. Watu walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la theluthi moja hivi ya maili mraba, kuanzia Halsted kwenda mashariki hadi State, na kutoka Polk kushuka hadi Mtaa wa 12, ambao leo ni Roosevelt Road. Wakazi wakanakili majibu na kuyapaka rangi kiwanja kwa kiwanja. Kwenye ramani ya mapato, nyeusi ni familia ya dola 5 kwa wiki au chini yake, bluu ni dola 5 hadi 10, nyekundu 10 hadi 15, kijani 15 hadi 20, njano zaidi ya 20. Nyeupe ni madanguro. Ramani ya pili inaonyesha mataifa ya watu, na hapo nyeupe ina maana nyingine kabisa: wanaozungumza Kiingereza wasio Waairishi. Wengi huchanganya. Soma ufunguo wa kila ramani kabla ya kuanza kulinganisha.

Ukiziweka ramani hizo mbili bega kwa bega utaelewa jinsi nyumba hii ilivyofanya kazi: kwanza hesabu, kisha huduma, kisha sheria. Mwaka 1893 huohuo Illinois ilipitisha sheria ya viwanda iliyozuia watoto chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani na kuwawekea wanawake kikomo cha saa 8 kwa siku, na Gavana Altgeld akamteua Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ikakifuta kifungu cha saa 8. Kilichopatikana kwa miaka miwili kikarudi nyuma kwa hukumu moja.

Habari ya takataka ndiyo inayopendwa zaidi na wageni, na ina haki ya kupendwa. Mwaka 1895 Addams aliomba zabuni ya kuzoa taka za kata ya 19. Zabuni ikatupwa kwa kasoro ya kitaratibu, lakini meya akamteua yeye kuwa mkaguzi wa taka kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Kazi ilianza alfajiri, kufuata mikokoteni ili kuhakikisha taka zinafika jalalani. Mkandarasi alilazimishwa kuongeza mikokoteni kutoka 9 hadi 13, kisha 17. Kwenye kichochoro kimoja walichimba wakakuta barabara iliyosakafiwa, iliyozikwa inchi 18 chini ya uchafu, karibu sentimita 45. Kumbukumbu za jiji zilikuwa zinaitambua, ila hakuna aliyekuwa ameiona miaka mingi. Kwa vifo, kata ikashuka kutoka nafasi ya tatu jijini hadi ya saba.

Sehemu ambayo makumbusho ya namna hii kwa kawaida huipitia mbio ni pale mambo yalipoharibika, na hapo ndipo mgeni anayefanya kazi za jamii angepaswa kukaa zaidi. Chukua jiko la umma la 1893. Liliigwa kutoka Boston: maharage na supu vilivyopikwa polepole, lishe ikiwa imepimwa kitaalamu, bei nafuu kwa wanawake waliorudi kutoka viwandani wamechoka. Majirani hawakununua. Walikuwa wametoka nchi tofauti, kila mtu na ladha yake, na hakuna aliyewauliza wanakula nini kwao. Ukumbi wa jiko hilo ukabaki hai kwa kugeuzwa mgahawa wa kahawa na mahali pa mikutano. Kosa hapo lilikuwa kuandaa huduma bila kupitia hatua ya kwanza, yaani hesabu, ileile iliyozaa ramani.

Kosa la pili ni la kisayansi. Mwaka 1902 homa ya matumbo iliipiga kata ya 19: ilikuwa na sehemu moja ya 36 ya wakazi wa jiji, lakini sehemu moja ya 6 ya vifo. Daktari Alice Hamilton, mkazi tangu 1897, alikusanya nzi karibu na vyoo na majikoni, akapata vijidudu, na uchunguzi huo ukawa maarufu. Baadaye akaja kujua kwamba kwenye kituo cha kusukumia maji bomba lilikuwa limepasuka na majitaka yakaingia kwenye maji ya kunywa kwa siku tatu. Nzi hawakuwa chanzo kikuu. Hamilton mwenyewe aliliandika hilo wazi, jambo ambalo si kila mtaalamu angelifanya. (Uchunguzi wake ulisaidia hata hivyo kubana ukaguzi wa vyoo, kwa hiyo sababu ilikuwa si sahihi na matokeo yakawa mazuri.)

Yako mengine yanayostahili kutazamwa bila haraka: Klabu ya Jane, nyumba ya ushirika ya wasichana wa kazi iliyoanza 1892, ambako kila mmoja alichangia dola 3 kwa wiki kwa chumba na chakula, na mgomo wa kiwandani haukumaanisha tena kufukuzwa na mwenye nyumba; Makumbusho ya Kazi ya 1900, ambako wanawake wahamiaji walisokota uzi kwa mikono mbele ya watoto wao waliokwisha kuanza kuwaonea aibu; bendi ya wavulana aliyopitia mwanamuziki wa jazz Benny Goodman; ufinyanzi wa Wameksiko katika miaka ya 1920. Wamarekani weusi walipoongezeka mtaani, Hull-House ilichelewa kuwafungulia milango kama ilivyowafungulia Wazungu kutoka Ulaya. Mgeni aulize juu ya hilo, asisubiri aambiwe.

Sasa jengo lenyewe. Warekebishaji wa miaka ya 1960 waliirudisha nyumba kwenye sura ya Charles Hull: ghorofa ya tatu iliyoongezwa wakati wa Addams ikaondolewa, kibanda cha juu ya paa kikajengwa upya. Uamuzi huo ulikuwa mbaya. Nyumba inayokumbukwa duniani kote kwa yaliyotendeka humo baada ya 1889 imevalishwa nguo za 1856. Ukumbi wa chakula wa wakazi, wa 1905, una ukweli zaidi ingawa ndio uliohamishwa. Chumba kirefu, dari ya mbao, na unaelewa mara moja kwamba mijadala mingi iliyozaa sheria ilifanyika mezani.

Na kwa nini yamebaki 2? Mwaka 1961 jiji liliuchagua mtaa huu kwa ajili ya chuo kikuu cha jimbo. Florence Scala, binti wa Kiitaliano aliyekulia humo, aliongoza wanawake wa mtaa kupinga, mitaani na mahakamani, wakashindwa. Bodi ya Hull-House yenyewe iliuza. Majengo yakabomolewa 1963, chuo kikafunguliwa 1965, makumbusho 1967. Anayeyaendesha makumbusho ni chuo hichohicho, kwa hiyo sikiliza kwa makini namna kisa cha kubomolewa kinavyosimuliwa, nani anatajwa na nani hatajwi.

Usichanganye pia makumbusho na shirika. Shirika la Hull-House lilitawanyika katika vituo mbalimbali vya jiji na kuendelea na huduma hadi Januari 2012, lilipofunga ghafla na kufilisika, wafanyakazi takriban 300 wakabaki bila kazi. Lilitegemea mno mikataba ya serikali. Fedha hizo zilipopungua hapakuwa na akiba. Anayetaka kuona nyumba ya aina hii ikiwa bado inafanya kazi aende New York, Henry Street, iliyoanzishwa na muuguzi Lillian Wald mwaka 1893. Huko kuna huduma zinazotolewa hadi leo. Hapa Chicago kuna kumbukumbu.

Tenga dakika 90. Thibitisha siku za kufungua kabla ya kwenda, maana ratiba hufuata ya chuo na si kila siku pako wazi. Ukitoka, tembea hadi Taylor Street uone kilichosalia cha mtaa wa Waitaliano, au panda basi namba 8 kuelekea kusini hadi Mtaa wa 18, uingie Pilsen. Jina hilo waliliweka Wabohemia, na ndiko walikohamia wengi wa Wameksiko walioondolewa kupisha chuo.