Jiko la Kuni Ndani ya Eneo la Kudhibiti Moshi Uingereza: Lipi Linunuliwe, Lipi Liachwe

Anayeishi London, Birmingham, Manchester, Leeds au Sheffield na kutamani jiko la kupasha joto sebuleni anapaswa kujua jambo moja kabla ya kuuliza bei: je, nyumba yake imo ndani ya eneo la kudhibiti moshi, yaani mahali ambapo sheria huzuia moshi wa dohani? Katika miji hiyo mitaa mingi imo, na halmashauri ya mtaa ndiyo yenye ramani. Sheria yenyewe ilizaliwa na msiba. Mwezi Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Hesabu za wakati ule zilitaja vifo vipatavyo 4,000, na watafiti waliokuja baadaye waliipandisha idadi hiyo hadi kufikia takriban 12,000. Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Inayotumika leo ni ile ya 1993, ambayo kwa upande wa England imerekebishwa na Sheria ya Mazingira ya 2021.

Ndani ya eneo hilo mwenye nyumba ana njia mbili halali. Ya kwanza ni kuchoma nishati iliyoidhinishwa, kama makaa magumu ya antrasiti au makaa yaliyotengenezwa kiwandani yasiyotoa moshi, na hayo huweza kuchomwa hata katika jiko la kawaida. Ya pili ni kuchoma kuni, lakini kwa sharti kwamba jiko liwe kwenye orodha ya majiko yaliyoruhusiwa, inayotunzwa na wizara ya mazingira ijulikanayo kama Defra. Nchini England dohani inayotoa moshi kinyume cha kanuni inaweza kumgharimu mwenyewe faini ya pauni 175 hadi 300, na anayenunua nishati isiyoidhinishwa kwa ajili ya jiko lisilo kwenye orodha anaweza kutozwa hadi pauni 1,000.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa, na wauzaji wengine hawawasaidii. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila jiko jipya la kuni linalouzwa nchini humo linapaswa kutimiza kiwango kiitwacho Ecodesign: kwa jiko lenye mlango, chembechembe za moshi zisizidi miligramu 40 kwa kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka, na angalau asilimia 65 ya nishati iwe joto linaloingia chumbani. Kiwango hicho ni kizuri, lakini si ruhusa ya Defra. Vipimo vya ruhusa ni vingine, kwa sababu vinachunguza jiko linavyotoa moshi hata pale moto unapopunguzwa. Kwa hiyo jiko linaweza kuwa la Ecodesign na bado likawa haramu kuchomea kuni katika mtaa wako.

Jina la jiko nalo lisomwe herufi kwa herufi. Baadhi ya viwanda hutoa jiko lile lile kwa namna mbili, na tofauti pekee ni kipande kidogo cha chuma kinachozuia tundu la hewa lisifungwe kabisa. Lenye kizuizi limo kwenye orodha, lisilo nacho halimo. Muulize muuzaji akuonyeshe jina kamili kwenye orodha, pamoja na nishati ambayo jiko hilo limeruhusiwa kuchoma. Alama ya clearSkies, inayopanga majiko kwa madaraja ya usafi, pia husaidia dukani, kwa kuwa jiko lenye daraja la 3 na kuendelea limetimiza Ecodesign na ruhusa ya Defra kwa pamoja.

Hata hivyo, orodha na alama hazimwambii mnunuzi jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni ukubwa wa jiko. Nashauri kwa dhati kununua jiko dogo kabisa litakalotosha chumba. Mafundi hutumia hesabu rahisi: zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha ugawanye kwa 14. Chumba chenye urefu wa mita 4.5, upana wa mita 4 na dari ya mita 2.4 kina mita za ujazo 43.2, na jibu ni kilowati 3 na kidogo. Nyumba iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi huhitaji pungufu ya hapo, na nyumba kuukuu yenye madirisha yanayopitisha upepo huhitaji zaidi. Pamoja na hayo, utaona watu wakiweka jiko la kilowati 8 katika chumba cha namna hiyo kwa kuamini kwamba jiko kubwa ni akiba. Matokeo yake ni kwamba baada ya nusu saa joto huwashinda, hufunga tundu la hewa, na kuni hufukuta badala ya kuwaka. Kuni zinazofukuta ndizo zinazotoa moshi mzito, hupaka lami ndani ya dohani na kukipiga kioo rangi nyeusi. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu zake zote ni safi kuliko jiko kubwa lililobanwa pumzi, hata kama lile kubwa lina vyeti vyote.

Lipo pia jambo la matundu ya hewa. Katika nyumba za zamani nchini England, jiko lisilozidi kilowati 5 kwa kawaida halihitaji tundu la kudumu ukutani, ilhali kila kilowati inayoongezeka hapo huhitaji milimita za mraba 550 za uwazi. Nyumba mpya zilizozibwa sana huhitaji tundu kwa jiko lolote.

Kabla sijapanga majiko kwa nafasi, ni haki kusema lililo wazi: hakuna jiko la kuni lisilotoa kitu. Ripoti ya mwaka 2022 ya Mganga Mkuu wa England, Chris Whitty, ilionyesha kwamba hata jiko la Ecodesign hutoa chembechembe laini mara 450 hivi zaidi kuliko mfumo wa gesi wa kupasha joto nyumba. Chembechembe hizo hupenya ndani kabisa ya mapafu. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu au mzee mwenye maradhi ya moyo, na nyumba tayari ina gesi au umeme unaotosha, ushauri wangu ni kununua jiko la umeme lenye mwonekano wa moto na kuliacha suala la kuni. Mpangaji naye asinunue chochote kabla hajapata idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.

Kwa wanaoendelea, nafasi ya kwanza naipa jiko la peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Mashine ndiyo inayodondosha peleti motoni kidogo kidogo na kupima hewa, hivyo usafi wa moto hautegemei sana mkono wa mtumiaji, na sheria ya Ecodesign huliwekea kikomo cha miligramu 20 badala ya 40. Nunua peleti za daraja la ENplus A1 na uzihifadhi pakavu, maana zikipata maji huvimba na kuwa unga. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji umeme, feni yake husikika, na kila mwaka linahitaji fundi wa kulisafisha. Nyumba isiyo na mahali pa kuweka mifuko haitalifurahia.

Nafasi ya pili, ambayo kwa nyumba nyingi za mjini zilizoshikana kuta ndiyo chaguo halisi, ni jiko dogo la kuni peke yake, la kilowati 5 au pungufu, lililo kwenye orodha ya Defra. Kuni huwaka vizuri zikilala juu ya majivu na kupata hewa kutoka juu, na jiko lililosanifiwa kwa ajili yake tu hufanya hivyo bila kutafuta suluhu ya kati. Angalia upana wa ndani. Majiko mengi madogo hupokea magogo yasiyozidi sentimita 25 hivi, na wauzaji wa kuni wa kawaida hukata marefu kuliko hayo, hivyo pima tumbo la jiko kabla hujaagiza kuni. Kagua pia kwamba mlango unafunga kwa kubana na kwamba kamba ya kuzuia hewa na matofali ya ndani yanapatikana kama vipuri, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza.

Jiko hilo halitakuwa safi kuliko kuni zake. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa nusu yake ni maji, na moto hupoteza nguvu kuyachemsha hayo kabla haujatoa joto lolote. Tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa England kwa kiasi kisichofika mita 2 za ujazo zinapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 20, na mfuko huwa na nembo ya Ready to Burn. Anayenunua mzigo mkubwa zaidi anaweza kuuziwa kuni mbichi pamoja na maelezo ya kuzikausha. Hizo zipangwe nje zikiwa zimefunikwa juu tu, pande zikipata upepo, kwa muda wa hadi miaka miwili. Kipimo cha unyevu kinachotumia pini mbili ni cha bei ndogo na kinafaa kuwa sehemu ya ununuzi wenyewe. Pasua gogo kwanza, kisha uchome pini katikati ya uso uliopasuliwa, kwa kuwa ganda la nje hukauka mapema na kumdanganya mpimaji.

Jiko la nishati mchanganyiko nimeliweka nafasi ya tatu. Lina wavu chini unaoruhusu hewa kupanda, kwa sababu makaa huhitaji hewa ya chini, na hiyo ndiyo sababu kuni haziwaki humo vizuri kama katika jiko lake mahususi. Linamfaa mtu anayetaka moto udumu usiku kwa makaa yasiyo na moshi, mwenye nyumba kubwa au asiye na mfumo mwingine wa joto. Makaa ya mawe ya kawaida asiyafikirie: mifuko yake ilipigwa marufuku kuuzwa England tangu tarehe 1 Mei 2021 na mzigo wa wazi tangu tarehe 1 Mei 2023. Kuni na makaa yasichomwe pamoja, kwa kuwa salfa ya makaa ikikutana na mvuke wa kuni hutoa asidi inayokula bomba la ndani ya dohani. Atakayechoma makaa mara kwa mara achague bomba la chuma cha pua la daraja la 904 badala ya 316.

Jiko kuukuu lililouzwa na mtu mtandaoni, lisilo kwenye orodha, linaweza kutumiwa kihalali kwa nishati iliyoidhinishwa tu. Silipendekezi, kwa sababu siku moja mtu wa nyumbani atatia gogo humo. Moto wa wazi usio na mlango usinunuliwe kabisa. Sehemu kubwa ya joto lake hupanda dohani.

Gharama ya ufungaji mara nyingi hukaribia bei ya jiko lenyewe, hivyo ipangiwe bajeti tangu mwanzo. Mwite fundi aliyesajiliwa na HETAS, shirika linalosajili mafundi wa majiko ya kuni na makaa, aikague dohani kabla hujalipia jiko. Ruhusa ya Defra huleta nafuu moja isiyotajwa sana: jiko lililoruhusiwa lisilozidi kilowati 20 linaweza kutumia bomba la milimita 125, ilhali majiko mengine kwa kawaida hudai 150, na katika dohani nyembamba za zamani tofauti hiyo inaweza kuokoa kazi ya kubomoa. Sakafu isiyoungua itokeze angalau milimita 225 mbele ya jiko lenye mlango. Kengele ya kaboni monoksaidi ni lazima chumbani humo, kwa kuwa gesi hiyo haina harufu, na dohani ifagiliwe angalau mara moja kila mwaka. Fundi aliyesajiliwa huijulisha halmashauri mwenyewe na kukupa cheti. Akifunga asiyesajiliwa, ni juu yako kuwaarifu wakaguzi wa majengo na kulipia ukaguzi, na siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia cheti hicho.