Mtambo wa bayogesi wa kuba, mita 6 za ujazo: nyota 4

Kwa kaya ya Kibosho au Marangu, Kilimanjaro, yenye ng'ombe wawili au watatu wa ndani, mtambo wa kuba (tangi la chini ya ardhi ambamo mavi huchacha na kutoa gesi ya kupikia) wa aina ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, unastahili nyota 4 kati ya 5. Nyota ya 5 imeondoka na makande.

Kilo 1 ya mavi mabichi hutoa kama lita 40 za gesi. Ukikusanya kilo 40 kwa siku unapata lita 1,600 hivi, na jiko la plate moja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Chai, mtori, ugali na mboga vinaiva bila wasiwasi. Makande ya saa 2 na nusu yanakula nusu ya gesi ya siku nzima. Anayekuuzia mtambo kwa maneno kwamba kuni utazisahau kabisa, muulize makande yatapikwa na nini.

Mavi na maji huchanganywa kiasi sawa. Kiangazi, mkojo wa ng'ombe unaokoa maji. Toa majani na kokoto kabla ya kufungua kizibo cha birika la kuchanganyia, maana mabaki ya migomba huelea na kufanya utando mgumu unaozuia gesi kupanda. Maji yenye dawa ya kupe yasiingie kamwe, yanaua bakteria wanaotengeneza gesi. Gesi ya mwanzo haiwaki, imejaa kabonidioksidi: iachie nje, na kiberiti kikae mbali na kuba.

Mwali ukirukaruka, kuna maji bombani. Gesi hutoka na mvuke, ukipoa unatuama pale bomba lilipozama. Fundi asiyeweka koki ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa, salio lake lishikilie kwanza. Mwali wa njano uliotulia ni hewa pungufu tu. Fungua tundu la hewa la jiko.

Gesi ikipungua ghafla, nenda kwenye mfuniko wa kuba. Umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi na juu yake kuna maji. Maji yakikauka udongo hupasuka. Jaza, kisha tazama mapovu: yakipanda, ziba upya. Juni na Julai gesi hupungua hata bila hitilafu, ni baridi.

Tope linalotoka ni mbolea safi kwa migomba na kahawa. Tundu la kutokea liwe upande wa juu wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, ili tope lijimwage lenyewe. Tundu likiwa chini, tope utalipandisha kwa ndoo.