Kihisi cha Simu na Kihisi cha Kamera: Uchambuzi Kutoka Kigoma

Ndugu watazamaji, asalaam aleikum na karibuni. Hapa mezani nimeweka vifaa vitatu: simu ya daraja la juu yenye megapikseli 200 (yaani nukta za picha, au pikseli, milioni 200), kamera ya kubadilisha lenzi yenye kihisi cha APS-C, ambacho ni kidogo kuliko fremu kamili, na kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24. Vyote nimevitumia hapa Kigoma, ufukweni Kibirizi na kwenye harusi za Ujiji, kwa sababu vijana wengi wanaotaka kufungua studio huniuliza swali lile lile: ikiwa simu ina megapikseli 200, kwa nini mtu atoe fedha nyingi anunue kamera yenye 24?

Jibu liko kwenye ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na negativu ya filamu waliyotumia wazee wetu wa studio. Kihisi kikuu cha simu kama Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 kina upana usiofika milimita 10, na kimo cha milimita 7 na kidogo. Ukizidisha utaona kwamba eneo la fremu kamili ni kubwa mara 12 hivi. Katika eneo hilo dogo la simu zimepangwa pikseli milioni 200, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 0.6, wakati pikseli ya fremu kamili yenye megapikseli 24 ina upana wa mikromita 6, maana yake eneo lake ni kubwa mara 100. Ndiyo sababu simu yenyewe, katika hali ya kawaida, huunganisha pikseli 16 zifanye kazi kama moja na kukupa picha ya megapikseli 12 hivi. Hizo 12 zinatosha, kwa kuwa picha ya kutundika ukutani ya inchi 8 kwa 12, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, haihitaji hata megapikseli 9.

Mkisoma maelezo ya simu mtakuta maneno kama "kihisi cha inchi 1", na hapo naomba muwe waangalifu. Kipimo hicho kimerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani, ambako inchi zilihesabu unene wa mrija wote, si sehemu iliyopokea picha. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1, kama kilichowekwa kwenye Xiaomi 12S Ultra mwaka 2022, kina takriban milimita 13.1 kwa 9.8, na hata ukikipima kutoka kona hadi kona hupati zaidi ya milimita 17. Kwa simu, hicho ni kikubwa sana. Kwa kamera, bado ni kidogo.

Sasa tazameni picha hizi mbili nilizopiga ziwani katika siku za giza, wakati mwezi haupo na wavuvi wa dagaa wametoka na taa zao. Mwanga hauji kama maji ya bomba yanayotiririka sawasawa. Huja chembe kwa chembe bila mpangilio, na kihisi kilichopokea chembe chache hutoa picha yenye chenga. Ukikusanya mwanga mara 4 zaidi, usafi wa picha huongezeka mara 2. Simu hujitetea kwa kupiga fremu nyingi mfululizo, kuzilinganisha na kuzichanganya, na kwa jengo lililotulia njia hiyo hufanya kazi vizuri sana. Lakini mtumbwi unayumba na mvuvi anavuta wavu. Nikikuza picha ya simu, mkono wake una vivuli viwili, mbao za mtumbwi zimelainishwa kama zimepakwa rangi ya mafuta, na maandishi ya ubavuni hayasomeki. Kwenye picha ya fremu kamili, niliyopiga kwa lenzi yenye tundu pana la f/1.8, zipo chenga nyembamba, lakini herufi zinasomeka na kamba za wavu zinaonekana.

Haki itendeke pia kwa simu. Taa yenyewe ilitoka vizuri zaidi kwenye simu, kwa sababu programu yake ilichanganya fremu za giza na za mwanga, wakati kwenye picha ya JPEG ya kamera taa imekuwa doa jeupe tupu, ikanilazimu kurudi kwenye faili ghafi (RAW), yaani data ya kihisi kabla kamera haijaichakata, ili kuokoa sehemu yake. Na msidhani teknolojia nzuri huanzia kwenye kamera kubwa: vihisi ambavyo nyaya zake zimepelekwa nyuma ili zisizibe mwanga vilikuwa kwenye iPhone 4 mwaka 2010, lakini kamera ya fremu kamili ya kwanza kuwa navyo, Sony A7R II, ilitoka mwaka 2015.

Kwa wanaokwenda Gombe kupiga picha za sokwe, jambo moja linasahaulika. Ukivuta picha karibu (zoom) kwa mara 10 kwenye S23 Ultra, hutumii tena kile kihisi cha megapikseli 200, bali kingine kidogo zaidi chenye megapikseli 10, na huko msituni miti imefunika na flashi hairuhusiwi. Hapo ningebeba kamera na lenzi ndefu bila kusita.

Kwenye harusi, tazameni ukingo wa mtandio wa bibi harusi. Simu hukisia mahali mtu anapoishia kisha hufifisha nyuma yake, hivyo baadhi ya matundu ya nakshi yamefifishwa na mengine yameachwa. Kwenye APS-C yenye lenzi ya milimita 50, mfifio umetokana na lenzi yenyewe na kila uzi uko mahali pake. Kwa anayeanza studio, APS-C iliyotumika pamoja na lenzi hiyo ndiyo ningemshauri anunue; fremu kamili isubiri. Anayepiga picha za dagaa mchana awatumie wateja kwa WhatsApp abaki na simu yake.

Unaponunua kamera iliyotumika, funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya anga jeupe, kisha ikuze. Madoa meusi yanayobaki mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi lililokaa juu ya kihisi, nalo husafishika. Mstari wa rangi unaokatiza picha yote ni ubovu wa kihisi au wa umeme wake, na kamera hiyo iache.